Hilux inayogoma gia asubuhi ya baridi: shajara ya matengenezo, Kikondo na Uyole

Gari ni Toyota Hilux LN106 ya mwaka 1996, injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8, giaboksi ya mkono yenye gia tano. Nililinunua mkononi mwa mtu miaka minne iliyopita. Linanishushia viazi na mbegu za viazi kutoka Kikondo, juu milimani mkoani Mbeya, hadi Uyole jijini Mbeya. Ninaandika kila hatua inapokamilika, ili mwenye gari la umri huu anayelaza gari nje Kikondo, Makete au Njombe aweze kufuata njia hii kabla hajakubali kununua giaboksi nyingine.

7 Juni 2025: Shida yenyewe

Wakati wa mavuno nalala shambani siku tatu kwa wiki. Saa kumi na mbili asubuhi majani yana sakitu na bati la bodi limeganda. Injini haina shida: nawasha hita plagi, nangoja taa izime, nahesabu tena mpaka kumi, inashika mara ya kwanza. Shida inaanza nikikanyaga klachi. Gia namba moja haiingii kabisa, mkono unafika mahali unagota. Rivasi inalia kraaa, mlio wa meno ya chuma yanayosagana, mpaka watu wanageuka kutazama. Nikilazimisha nikaondoka, namba mbili inakwaruza kila ninapoibadilisha mpaka nakaribia Isyonje. Nikishika lami ya Tukuyu kuelekea Uyole, gia zinaingia kwa vidole viwili kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nimelipeleka gereji moja mjini. Lilifika likiwa la moto, kwa hiyo hakuna aliyelisikia likilia. Walilizungusha uwanjani, wakasikiliza maelezo yangu, wakasema giaboksi imekwisha, ninunue iliyotumika: shilingi 1,400,000 pamoja na kufunga. Hiyo ndiyo pesa yangu ya mbolea ya msimu ujao.

Nilipita kwa fundi mzee wa Mafiati ambaye alinitengenezea breki mwaka jana. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza swali moja: "Mama, ukilikuta asubuhi, kabla hujaliwasha, gia zinaingia?" Sikuwa nimewahi kujaribu. Akaniambia nirudi Kikondo nikajaribu, nisiguse spana yoyote kwanza.

11 Juni: Kupima kabla ya kufungua

Alichonifundisha ni hiki. Injini ikiwa imezimwa, klachi haina kazi, hakuna kinachozunguka. Gia ikiwa nzito hapo, ugonjwa uko ndani ya giaboksi yenyewe: oili, uma za gia, au mkono. Gia zikiwa nyepesi injini ikiwa imezimwa, halafu zikagoma ikiwaka, ugonjwa uko kwenye klachi: haiachii, shafti ya kuingilia giaboksi inaendelea kuzungushwa na injini hata ukikanyaga hadi chini.

Rivasi ndiyo shahidi mzuri, kwa sababu kwenye giaboksi hii haina sinkronaiza. Gia za mbele zina pete za shaba zinazosawazisha mwendo kabla meno hayajakutana, kwa hiyo zinaweza kuficha klachi mbovu. Rivasi haifichi. Kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu, kisha ingiza rivasi taratibu. Shafti ikiwa imesimama, inaingia kimya. Ikilia, bado inazunguka.

Nilitundika kipimajoto cha banda la vifaranga kwenye kioo cha pembeni usiku. Asubuhi kilisoma nyuzi 3. Nilichopata:

Baridi, injini imezimwa: gia zote nzito, kama kuchomoa mwiko kwenye ugali ulioanza kushika sufuria. Baridi, injini inawaka: namba moja inagoma, rivasi inalia hata nikihesabu hadi kumi na tano. Mchana likiwa la moto, injini imezimwa: nyepesi zote. La moto, injini inawaka: namba moja inaingia, rivasi inalia kidogo, krr moja fupi, nikihesabu chini ya tano.

Hiyo krr fupi ya mchana sikuwa nimewahi kuitilia maanani. Ina maana magonjwa ni mawili, na ndiyo maana kila mtu alikuwa ananiambia jambo lake.

12 Juni: Magunia ya maji ya moto

Wapo madereva wanaosukumia jiko la mkaa chini ya giaboksi asubuhi. Nakuomba usifanye hivyo. Gari la umri huu lina mafuta yamejipaka kila mahali chini, na bomba la mpira la klachi liko hapo hapo. Mimi nilichemsha maji sufuria mbili kubwa, nikalowesha magunia ya viazi, nikayafunga kuzunguka giaboksi na kuyaongezea maji kwa nusu saa. Injini na klachi nikaviacha na baridi yao.

Matokeo yalinifurahisha kuliko nilivyotegemea. Injini ikiwa imezimwa, gia zikawa nyepesi karibu kama za mchana. Nikawasha: rivasi ikalia vile vile. Basi uzito wa mkono ni oili, na kelele ya rivasi si oili. Gharama ya kipimo hiki ni kuni tu, na kiliniokolea 1,400,000.

14 Juni: Oili ya giaboksi, na kosa langu la kwanza

Nilipandisha gari kwenye stendi (sio jeki peke yake), nikafungua nati ya chini kwa spana namba 24. Oili ilitoka kama asali ya msimu wa baridi, uzi mmoja mnene usiokatika. Halafu nikaenda kufungua nati ya juu, ya kujazia, nikakuta imeshikana. Spana ikazungusha pembe, nati ikawa duara.

Hapo nilikaa chini. Gari halina oili, halina pa kujazia, niko Uyole na mzigo unanisubiri juu. Fungua nati ya juu kwanza, ndipo ya chini. Kama ya juu haifunguki, bado una gari linalotembea. Mimi nililipa mchomeleaji 10,000 aje na mashine yake, akachomelea nati kubwa juu ya ile iliyolika, joto likailegeza, ikatoka. Nati mpya 8,000. Siku nzima ilikwenda.

Oili iliyotoka niliichunguza kwenye beseni jeupe juani. Kwenye sumaku ya nati ya chini kulikuwa na uji mweusi wa chuma, laini, usio na vipande. Kwa giaboksi ya umri huo ni kawaida. Kilichonitia wasiwasi ni chenga ndogo za rangi ya dhahabu zilizokuwa zinaelea. Hizo ni shaba ya pete za sinkronaiza, na sumaku haizikamati. Hazikuwa nyingi, nilizihesabu kwa kutikisa beseni, lakini zipo.

Aliyekuwa na gari kabla yangu alinithibitishia kwa simu kwamba gereji yake iliweka "namba 140 ili isivuje". Yaani 85W-140, oili nzito ambayo wengi tunaiweka kwenye difu, yaani gia za ekseli. Kitabu cha gari kinataja 75W-90. Namba iliyo kabla ya W inahusu baridi: ya 85W inatakiwa ibaki inapita mpaka nyuzi 12 chini ya sifuri, ya 75W mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri. Hatufiki huko, lakini hata kwenye nyuzi 3 tofauti unaiona kwa macho. Nilijaza chupa mbili ndogo za maji, moja ile ya zamani, moja mpya, nikaziacha juu ya bodi usiku. Asubuhi nikazilaza pamoja. Mpya ilifika shingoni mara moja. Ya zamani ilibaki imesimama kama jeli, ikaanza kuinama polepole, nikawa nimeshapiga mswaki kabla haijafika.

Pete ya shaba inafanya kazi kwa kukata utando wa oili na kushika koni ya gia. Utando ukiwa mnene kiasi hicho, haishiki, na ukilazimisha, meno yanakutana yakiwa na mwendo tofauti. Ndiyo kraa ya namba mbili.

Nilichagua 75W-90 ya daraja la GL-4. GL-5 ina dawa nyingi zaidi ya kulinda meno ya difu, na kwa pete za shaba zilizoanza kulika nilitaka isiyo kali. Kuipata Mbeya kulinichukua maduka matano. Manne yalinipa ya difu na kuniambia ni ile ile. Soma kopo mwenyewe. Lita 4 kwa 22,000, jumla 88,000. Nilijaza mpaka ikaanza kurudi tunduni.

*Gharama hadi hapa: 106,000.*

21 Juni: Kilichobadilika, kisichobadilika

Asubuhi tatu Kikondo, nyuzi 2 hadi 5. Injini ikiwa imezimwa, gia zote zinaingia bila ubishi. Namba mbili inakwaruza mara mbili za kwanza tu, badala ya njia nzima hadi Isyonje. Namba moja na rivasi, injini ikiwaka, bado zinagoma kama mwanzo. Nilitegemea hivyo kutokana na yale magunia, hata hivyo moyo ulishuka kidogo.

28 Juni: Klachi, upande wa oili ya breki

Nililala kwenye sakafu ya gari na tochi. Juu ya pedeli, pale fito inapoingia ukutani, kulikuwa na unyevu, na zulia chini yake lilikuwa limelainika na kubadilika rangi. Masta silinda ya klachi, ile pampu ndogo ya pedeli inayosukuma oili ya breki, inavuja kwa ndani. Nilikuwa naongezea oili kwenye kikopo chake kila mwezi bila kujiuliza inakwenda wapi.

Kipimo: mtu akanyage pedeli hadi mwisho, wewe uko chini na rula, upime fito ya silinda ya chini, ile ya kwenye giaboksi inayosukuma klachi, inasogea kiasi gani. Mdogo wangu, utingo wa gari, alikanyaga: milimita 7. Mara ya pili 8. Akishikilia pedeli, fito ilirudi yenyewe taratibu.

Nilinunua mipira ya masta 15,000 na ya silinda ya chini 10,000, na oili ya breki chupa mbili kwa 7,000 kila moja. Nikabadilisha, nikatoa upepo, fito ikafika milimita 12. Rivasi ya mchana ikaingia kimya kabisa. Nikaenda kulala nikiamini kazi imekwisha.

5 Julai: Kosa la pili

Mipira ya masta ilidumu siku sita. Pedeli ilianza kuzama nikiwa na mzigo kwenye mteremko wa Isyonje, nikashuka kwa uangalifu mkubwa sana nikibadilisha gia chache iwezekanavyo.

Nilipofungua nikaona nilichopaswa kuona mwanzo: ukuta wa silinda una mikwaruzo. Ukipitisha ukucha unakwama. Ukuta wa namna hiyo kwa mpira mpya ni sawa na kiwembe. Sikupitisha ukucha mara ya kwanza kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwahi mzigo. Masta nzima mpya 65,000. Silinda ya chini ukuta wake ulikuwa safi, mipira yake imebaki.

*Gharama ya hatua hii: 104,000. Jumla 210,000.*

12 Julai: Kitufe cha dashibodi

Baridi, masta mpya, fito inasogea milimita 12 asubuhi na mchana, sawa. Rivasi ya asubuhi bado inalia, ingawa nikihesabu hadi kumi na mbili sasa inaingia. Kwa hiyo oili ya breki imeondoka kwenye orodha.

Nilirudi Mafiati. Mzee alisikiliza, akauliza tena swali lake la kawaida, la kitu ambacho sikukitazama: "Injini inazunguka kasi gani wakati huo?" Kwenye dizeli hii kuna kifaa cha nta kwenye pampu, kinachopashwa na maji ya injini, ambacho hupandisha mizunguko gari likiwa baridi kisha huishusha chenyewe. Juu ya hapo kuna kitufe cha kuvuta kwenye dashibodi cha kuongeza mizunguko kwa mkono. Mdogo wangu alikuwa anakivuta kila asubuhi ili injini ipate moto haraka, kisha mimi naingia na kuanza kupigana na gia kikiwa kimevutwa. Saa ya mizunguko ya injini ilisoma 1,400 hivi kwa dakika. Likiwa la moto inasoma 750.

Klachi inayoshika kidogo tu, kwa 750 huisikii. Kwa 1,400 inakulilia. Tulirudisha kitufe, tukaacha nta ifanye kazi yake, tukangoja dakika tano. Rivasi ikaingia nikihesabu hadi saba.

Namwambia dereva yeyote ajaribu hili kabla ya kununua chochote. Halina gharama.

Lakini kuhesabu hadi saba bado ni kungoja sana. Na bado kuna kitu kinazungusha shafti.

2 Agosti: Giaboksi chini

Sikutaka kufika hapa, ila sasa nilijua ninachokitafuta. Vilibaki viwili: klachi pleti isiyoteleza kwenye meno ya shafti, au pailoti beringi, ile ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi, iliyo katikati ya flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini. Beringi hiyo ikikwama, injini inaizungusha shafti moja kwa moja, klachi ikanyagwe isikanyagwe.

Kushusha kwenyewe sitaeleza kwa urefu: propela mbili, mkono wa gia, silinda ya chini (usiikate bomba, ining'inize kwa waya), stata, bolti za kengele (ganda linalounganisha giaboksi na injini), giaboksi na transfa vinashuka pamoja na ni vizito. Mafundi wawili, 100,000. Oili yangu niliitoa kwenye dumu safi ili niirudishe.

Mzee aliingiza kidole kwenye pailoti beringi akaniita niingize changu. Haikuzunguka. Nikaongeza nguvu, ikaruka hatua moja, ikakwama, ikaruka tena. Grisi ndani ilikuwa imekuwa kama lami kavu, na pembeni kulikuwa na kutu nyekundu. Gari hili limevuka mito mingi kabla yangu. Asubuhi ya nyuzi 3 lami hiyo inashika kama gundi. Mchana inalegea kidogo. Nilikaa nikiitazama, kitu kinachoenea kwenye kiganja, na mtu alikuwa ameniambia ninunue giaboksi.

Meno ya shafti nayo yalikuwa makavu na yana kutu, pleti haikuteleza vizuri.

Kuitoa beringi ilikuwa kazi. Jaribio la kwanza, grisi: unajaza shimo nyuma yake, unaingiza kipande cha chuma kinachobana, unagonga, grisi inaisukuma beringi itoke. Kwetu grisi ilipita katikati ya gololi na kutuchafua nyuso. Jaribio la pili, sabuni ya mche iliyokatwa vipande na kukandwa. Chuma kilichongwa kwa mwenye mashine kikaingia bila kucheza. Tuligonga, tukaongeza sabuni, tukagonga, mara ya tano au ya sita beringi ikaanza kutoka, unywele mmoja kwa wakati. Sabuni haipiti kwenye gololi kirahisi kama grisi. Safisha shimo lote kabla ya kuweka mpya.

Mpya 12,000, na tuliisukuma kwa kugonga pete ya nje tu. Ukigonga ya ndani umeiharibu kabla haijafungwa. Kwa kuwa giaboksi ilikuwa chini tayari, nilibadilisha na beringi ya klachi, 45,000, maana ile ya zamani ilikuwa inalia ukiizungusha. Pleti ilikuwa bado nene juu ya ribiti, tumeirudisha. Meno ya shafti tuliyasugua kwa brashi ya waya, tukapaka grisi nyembamba sana, kiasi cha kung'arisha tu, kwa sababu ikizidi inarukia kwenye pleti. Kuchonga chuma 5,000, sabuni 3,000, grisi 8,000.

Jambo moja wakati wa kurudisha: kijana mmoja aliachia giaboksi ining'inie kwenye shafti huku akitafuta bolti. Uzito wote huo unakaa kwenye kitovu cha pleti na kukipinda, na pleti iliyopinda inaleta ugonjwa ule ule tuliokuja kuutibu. Tulishusha tena, tukakagua, ilikuwa salama, tukapandisha kwa jeki mbili.

*Gharama ya hatua hii: 173,000. Jumla yote: 383,000.*

16 Agosti: Asubuhi tatu za kujaribu

Kikondo, nyuzi 2, 2 na 4. Kitufe kimerudishwa, injini dakika tatu. Namba moja inaingia kwa kidole. Rivasi, nahesabu moja, mbili, tatu, inaingia kimya. Asubuhi ya kwanza nilizima gari nikaliwasha upya kwa sababu sikuamini, nikarudia mara nne. Mdogo wangu alikuwa ameshapakia gunia la kwanza ndipo akauliza kama tunaondoka.

Namba mbili bado ina uzito kwenye badilisho la kwanza kabisa. Pale siilazimishi: nakanyaga klachi, naweka fri, naachia, nakanyaga tena, ndipo naingiza. Pete yake imelika kiasi, zile chenga za dhahabu zilisema hivyo, na oili mpya haiwezi kurudisha shaba iliyokwisha ondoka.

Nikifikisha kilomita 5,000 nitafungua nati ya chini, baada ya ile ya juu, nimwage kwenye beseni lile lile jeupe nihesabu chenga tena. Zikiwa zimepungua, naendelea na gari hivi lilivyo mpaka mavuno mengine. Zikiwa zimeongezeka, nitaulizia bei ya pete ya namba mbili peke yake, na nitaandika hapa.